Amonia Haishuki Kwenye Tangi la Samaki: Jinsi ya Kutafuta Inakotoka

Umebadilisha maji leo, kipimo kimeshuka kidogo; kesho asubuhi kimerudi palepale. Umemimina dawa ya chupa, siku mbili zimepita kwa amani, halafu rangi ya kijani ikarudi kwenye kichupa cha kupimia. Hali hiyo ikishakaa wiki nzima, kuendelea kupambana na namba ni kumaliza maji na pesa bure. Amonia isiyoshuka ina maelezo mawili tu: ama kuna kitu kinachoizalisha kila siku kuliko filta inavyoweza kuila, ama filta yenyewe haina bakteria wa kutosha. Ukishajua uko upande upi, kazi kubwa imekwisha. Usipojua, utachukua tiba ya tatizo moja uipeleke kwenye lingine, na zipo tiba za namna hiyo zinazoangamiza samaki wote ndani ya saa chache.

Maelezo haya yanahusu matangi ya samaki wa mapambo yasiyo na maji ya chumvi: gapi, moli, enjeli, siklidi, kambale wadogo na wenzao wanaoishi kwenye joto la nyuzi 24 hadi 30.

Kwanza hakikisha kipimo chenyewe

Chukua glasi tatu safi. Ya kwanza tia maji ya tangi, ya pili maji unayobadilishia (ya bomba, ya kisima au ya simtanki), ya tatu maji ya kunywa ya chupa. Zipime zote tatu kwa wakati mmoja. Maji ya chupa yanatakiwa kusoma sifuri. Yasiposoma sifuri, basi kipimo kimepitwa na wakati, matone hayakutikiswa vizuri, au kichupa kilibaki na mabaki ya kipimo cha jana. Wengi huiruka hatua hii kwa kuiona ndogo, wakaishia kutibu amonia ambayo haipo. Tafadhali usiiruke.

Rangi isome mchana karibu na dirisha, kichupa kikiwa mbele ya karatasi nyeupe. Taa za tangi zenye mwanga wa buluu hufanya njano safi, ambayo ndiyo sifuri, ionekane kijani. Subiri dakika zote zilizoandikwa kwenye maelekezo. Kusoma mapema hukupa namba ya chini kuliko ukweli.

Jambo jingine: kama umetumia dawa ya kufunga amonia, vipimo vingi vya matone vitaendelea kusoma amonia yote kwa jumla, iliyofungwa na isiyofungwa. Mtu huona namba haijashuka, akaongeza dawa, kisha akaongeza tena. Ukishaitumia mara moja kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, iache ifanye kazi.

Katika glasi hizohizo pima na pH, yaani kipimo cha asidi ya maji: 7 ni katikati, chini yake maji ni ya asidi. Bila pH, namba ya amonia ni nusu ya habari.

Namba ileile, hatari tofauti

Ndani ya maji amonia hukaa kwa sura mbili. Kuna amonia huru, ambayo ndiyo sumu kali inayopenya matamvua, na kuna amoniamu, ambayo samaki huistahimili kwa kiasi kikubwa zaidi. Kipimo chako hujumlisha zote mbili. Kinachogawa nani ni nani ni pH, na baada yake joto.

Kwenye nyuzi 26, maji ya pH 7 yana amonia huru isiyofika asilimia 1 ya jumla. Kwenye pH 8 inakuwa karibu asilimia 6. Kwenye pH 9 inaruka hadi asilimia 38 hivi. Joto likipanda hadi nyuzi 30, ile asilimia 6 ya pH 8 inazidi 7.

Tuchukue mfugaji wa siklidi wa Ziwa Tanganyika, hawa ndugu wa mbali wa perege na sato, mfano Tropheus wanaovuliwa kwenye miamba ya Kigoma na upande wa Burundi. Maji ya ziwa lile yana pH inayokaribia 9, na mfugaji makini huyaiga. Kipimo chake kikisoma miligramu 0.25 kwa lita, amonia huru kwenye tangi lake ni karibu 0.09. Jirani yake anafuga tetra kwenye pH 7, na kipimo kinasoma 2. Amonia huru kwake ni kama 0.012. Mpaka ambao wafugaji wengi huushika ni 0.02. Mwenye dharura, basi, ni yule wa 0.25, ingawa mwenzake ndiye atakayekuwa akihangaika usiku kucha kwa sababu rangi yake ni ya kijani iliyokolea.

Kwa hiyo pH yako ikiwa 8 au zaidi, hakuna amonia "kidogo". Ikiwa chini ya 6.5, usikimbilie kubadilisha maji mengi kabla hujasoma sehemu inayohusu pH iliyoporomoka hapa chini.

Samaki wenyewe wanaonyesha nini

Samaki wote wako juu wakihema. Washa pampu ya hewa kwa nguvu zote, au chota maji kwa jagi uyamimine tena kutoka juu. Wakishuka na kutulia ndani ya nusu saa, tatizo kubwa lilikuwa hewa; maji ya nyuzi 30 hayawezi kubeba zaidi ya miligramu 7.5 hivi za oksijeni kwa lita, na tangi lenye mimea mingi huamka asubuhi likiwa limepungukiwa zaidi. Wasiposhuka, matamvua yao yameshaungua au damu haibebi oksijeni.

Inua macho uangalie matamvua pale samaki anapofungua kifuniko chake. Mekundu sana, yaliyovimba, pamoja na mapezi yaliyobanwa na mistari ya damu kwenye mkia, huelekeza kwenye amonia. Matamvua ya rangi ya kahawia yanaelekeza kwenye nitriti, inayotokana na amonia iliyoliwa nusu njia.

Samaki mmoja tu amelala chini na wengine wanacheza? Maji si mtuhumiwa wa kwanza. Mtenge huyo na umwangalie peke yake.

Maji meupe kama yaliyotiwa maziwa ni bakteria wanaoelea, wanaokula uchafu. Huambatana na amonia mara nyingi, lakini hayahitaji dawa. Hujisafisha chanzo kikiondoka.

Usiku wa leo, kabla hujapata chanzo

Acha kulisha. Samaki mzima mwenye afya hukaa siku kadhaa bila chakula na hapungukiwi na kitu. Ni vifaranga tu wasioweza kungoja. Kisha, kama pH iko 6.5 au zaidi, badilisha nusu ya maji kwa maji yenye joto linalokaribiana na la tangi na yaliyoondolewa klorini. Kila unapobadilisha nusu, unaondoa nusu ya kilichopo: 4 inakuwa 2, 2 inakuwa 1. Ndiyo maana namba kubwa haimalizwi kwa mara moja, rudia kesho na keshokutwa. Acha hewa ikichemka muda wote.

Usioshe filta usiku huo. Usitoe changarawe. Usimwage tangi lote ukaanza upya, hata ukiambiwa na mtu unayemwamini, kwa sababu utakuwa umetupa bakteria wachache waliokuwa wakikusaidia.

Tangi lina wiki chache tu

Bakteria wanaokula amonia huongezeka polepole mno ukilinganisha na bakteria wengine. Kundi lao huhitaji saa nyingi, hata siku nzima, kuwa maradufu. Kutoka sifuri hadi filta iliyokomaa huchukua wiki 4 hadi 6. Joto la kwetu husaidia, lakini halifanyi miujiza. Tatizo huanzia dukani: mtu ananunua tangi, filta na samaki ishirini siku moja, anajaza maji jioni, na siku ya tano wanaanza kufa.

Dalili ya sababu hii ni kwamba nitriti nayo ni sifuri au ndiyo kwanza inaonekana, na nitrati, ambayo ndiyo hatua ya mwisho baada ya nitriti kuliwa, haipo kabisa. Maana yake mnyororo haujaanza kufanya kazi.

Njia ya mkato iliyo ya kweli ni sponji kutoka kwenye tangi la mtu ambaye samaki wake wana afya. Ibebe ikiwa imelowa ndani ya maji ya tangi lake, isikauke, isikae kwenye mfuko uliofungwa kwa saa nyingi, na uiweke kwenye filta yako siku hiyohiyo. Bakteria wa chupa wakati mwingine husaidia, wakati mwingine hapana, kutegemea walivyotunzwa njiani. Chupa iliyokaa juani kwenye rafu ya duka siinunui. Wakati unangoja, lisha kidogo mara moja kwa siku, na badilisha maji kila amonia inapokaribia kiwango cha hatari kwa pH yako.

Amonia ilipanda baada ya kuosha filta

Hii ndiyo sababu ninayoikuta mara nyingi zaidi kwenye matangi ya zamani yaliyokuwa mazuri. Mwenye tangi ni mtu msafi. Jumamosi anatoa sponji, anaiweka chini ya bomba, anaikamua mpaka inang'aa kama mpya. Klorini ya bomba imeua, na mikono imemalizia. Jumatatu samaki wako juu.

Sponji huoshwa hivi: chota maji ya tangi kwenye ndoo, izamishe, ikamue mara mbili au tatu. Maji ya ndoo yatakuwa ya kahawia mazito, na sponji ikitoka bado itakuwa na rangi ya kahawia. Iache hivyo. Lengo lako ni maji yapite kwa urahisi, basi. Ile rangi inayobaki ndimo wanamoishi bakteria unaowategemea. Filta ikiwa na sponji mbili, osha moja leo na nyingine baada ya wiki mbili.

Maelekezo ya baadhi ya filta husema ubadilishe katriji (kile kichujio cha kutupwa kilicho ndani yake) kila mwezi. Kila katriji inayotupwa inaondoka na kundi la bakteria. Ikate ya zamani, uiache ndani pamoja na sponji mpya kwa wiki kadhaa, au acha kabisa kununua katriji, tumia sponji ya kudumu.

Antibiotiki zinazomwagwa ndani ya tangi zima zinaweza kuleta hali ileile. Mgonjwa atibiwe kwenye chombo chake.

Amonia hupanda kila umeme unapokatika

Kwenye mgao wa umeme, filta ya sponji iliyo ndani ya tangi huumia kidogo, maana inabaki katika maji yaleyale wanamoishi samaki. Filta iliyofungwa kwenye kopo nje ya tangi ni habari nyingine. Maji yakisimama, bakteria humaliza oksijeni iliyomo, wanaanza kufa, na ndani hubaki maji yanayonuka. Umeme ukirudi usiku wewe umelala, pampu huyasukuma yote kwa samaki.

Umeme ukikatika kwa zaidi ya saa chache, chomoa filta ya kopo kwenye soketi ili isijiwashe. Toa sponji na vigae vyake wanamoishi bakteria uvizamishe ndani ya tangi au kwenye beseni lenye maji ya tangi linalotiwa hewa. Umeme ukirudi, mwaga maji yaliyobaki kwenye kopo, suuza kwa maji ya tangi, ndipo uwashe. Pampu ndogo ya hewa ya betri, ile ya kusafirishia samaki, ni kitu cha kwanza ambacho ningemshauri mtu wa eneo lenye mgao anunue, hata kabla ya hita. Na giza likiingia bila umeme, usilishe.

Filta ni nzima, lakini mzigo ni mkubwa

Nitrati inapanda vizuri, maana yake bakteria wanafanya kazi, ila amonia haifiki sifuri. Hapa hesabu ndogo inasaidia. Gramu 1 ya chakula chenye protini asilimia 40 ina nitrojeni miligramu 64 hivi. Nusu yake tu ikiishia kwenye maji, tangi la lita 60 limeongezewa nusu miligramu kwa kila lita, kwa siku moja, kwa gramu moja. Sasa pima bana za vidole vyako kwenye mzani wa jikoni uone unalisha kiasi gani. Nyumba zenye watoto, chakula hulishwa na watu wanne bila kuambiana. Kopo moja, mlishaji mmoja.

Kama chakula si tatizo, tafuta mzoga. Hesabu samaki wote. Pleko, aina ya kambale, anaweza kufa nyuma ya gogo ukakaa wiki hujamwona, na mwili wake ukioza hutoa amonia nyingi kuliko kundi zima la gapi. Konokono asiyesogea mtoe umnuse: aliyekufa harufu yake haina ubishi. Kisha chukua bomba la kunyonyea maji, lichome ndani ya changarawe kona moja baada ya nyingine. Wingu la kahawia linalopanda pale ndilo chakula cha miezi iliyopita. Safisha robo ya sakafu kila wiki, usichimbue yote kwa mara moja.

Na kama umepanda mimea kwenye udongo wa bustani uliochanganywa na samadi, umepata jibu. Udongo wa namna hiyo hutoa amonia kwa wiki nyingi. Samaki wahamie kwingine mpaka utulie.

Amonia hupanda mara baada ya kubadilisha maji

Rudi kwenye ile glasi ya pili. Mamlaka nyingine za maji duniani husafisha maji kwa kloramini, ambayo ni klorini iliyounganishwa na amonia. Klorini peke yake huondoka ukiacha ndoo wazi siku moja au mbili, hasa ukiitia hewa; kloramini haiondoki hivyo. Dawa ya kuondoa klorini huivunja, na amonia inabaki majini. Filta iliyokomaa huila ndani ya siku moja au pungufu. Filta changa haiwezi. Badilisha maji kidogo kidogo, asilimia 10 hadi 15, mara nyingi zaidi.

Kisima kifupi kilicho karibu na choo cha shimo au zizi kinaweza kuwa na amonia yake. Maji ya glasi ya pili yakisoma amonia na yametoka kwenye kisima ambacho nyumba nzima inakunywa, hilo ni kubwa kuliko samaki: peleka maji yakapimwe, na mpaka majibu yatoke tafuta maji ya kunywa kwingine. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi nitrati ambayo inaweza kuambatana na uchafuzi wa namna hiyo, nayo ni hatari kwa watoto wachanga.

pH imeporomoka, amonia iko juu, na samaki wametulia

Hapa ndipo samaki wengi hufa mikononi mwa watu wenye nia njema. Tangi ni la zamani, maji hubadilishwa mara chache au hujazwa maji ya mvua ambayo karibu hayana madini. Bakteria wanapokula miligramu 1 ya nitrojeni ya amonia, hutumia zaidi ya miligramu 7 za uwezo wa maji kuzuia pH isishuke, ule unaopimwa kama KH. Uwezo huo ukiisha, pH inaanguka. Chini ya 6.5 bakteria wanazembea, karibu na 6 wanakaribia kusimama. Amonia inapanda hadi 4 au zaidi, lakini kwa sababu maji ni ya asidi, karibu yote ni amoniamu, na samaki hawaonyeshi dalili kubwa.

Mwenye tangi anaona 4, anashtuka, anabadilisha nusu ya maji kwa maji ya kisima yenye pH 8. Jumla imeshuka hadi 2. Lakini kama pH ya tangi nayo imepanda kutoka 6 hadi 8, amonia huru imeongezeka zaidi ya mara 40 papo hapo. Samaki wanaruka nje.

Tiba ni ya taratibu: badilisha asilimia 10 kila siku, pima pH na amonia kila jioni, usiruhusu pH ipande kwa kasi. Amonia ikishuka, ndipo ujenge KH kwa mfuko wa makombe ya baharini yaliyooshwa vizuri ndani ya filta. Bikaboneti ya soda nayo hufanya kazi. Kijiko kimoja cha chai kwa lita 50 hupandisha KH kwa digrii 4 hivi, kwa hiyo igawe kwa siku kadhaa. Usitumie magadi badala yake. Magadi hupandisha pH kwa nguvu mno, na hapo utarudi kwenye ajali ileile.

Kurudi kwenye hali ya kawaida

Utajua filta imeamka pale amonia inapoanza kushuka na nitriti kupanda. Usikate tamaa wala usioshe kitu. Nitriti nayo itashuka baada ya wiki moja hadi tatu, na nitrati itaonekana. Zote mbili, amonia na nitriti, zikisoma sifuri siku tatu mfululizo bila kubadilisha maji, anza kulisha robo ya kile cha zamani. Pima kesho yake. Ongeza hadi nusu baada ya siku nne, kisha kamili. Samaki wapya waje wawili watatu, na kati ya kundi na kundi zipite wiki mbili, ukipima siku ya pili na ya nne baada ya kila kundi kuingia.